Mkono Uliofungua Kitabu cha Nyuzi

Kitabu cha nyuzi cha mwanamke hufunguliwa na mkono wa mwenyewe tu, na kikishaingia nyumba ya mume hakivuki tena kizingiti, isipokuwa ndoa imevunjika. Mwenye kufungua kitabu kisicho chake atawalisha watu wa kijiji cha mwenye kitabu nyama ya nguruwe ratili mia na ishirini, mchele ratili mia na ishirini, na pombe ya mchele kiasi hicho hicho. Kisha atamkabidhi mwenye kitabu mfupa wake wa kukunjia, wala hatakunja tena karatasi maisha yake yote. Katika Gaoyan, na katika Dangme ng'ambo ya bonde, hapakuwa na mtoto wa miaka saba asiyeijua sheria hiyo, wala mtu mzima aliyeweza kukumbuka ilivunjwa lini mara ya mwisho.

Mama Suyin aliijua kuliko wengine, kwa kuwa yeye ndiye aliyevikunja vitabu hivyo. Kwa miaka ishirini na sita hakuna bibi harusi aliyeshuka ngazi za Gaoyan bila kazi ya mikono yake kwapani. Kwa nje kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la nguo ya nili iliyopondwa kwa nyundo mpaka ikang'aa. Kwa ndani hakikuwa na kurasa, bali visanduku vya karatasi vilivyolala bapa, tabaka juu ya tabaka. Vya juu vilikuwa vidogo kama kiganja cha mtoto. Ukivibonyeza pembe mbili vilifumbua kinywa kama kifaranga anayesubiri chakula, na ukiviachia vilijifumba. Chini yake vilikuwapo vikubwa zaidi, na chini ya vyote kimoja kipana kilichokunjwa kwa karatasi moja nzima, kikalala kifudifudi mgongoni mwa kitabu. Juu mwanamke aliweka nyuzi na sindano. Chini kabisa aliweka alichotaka kisijulikane na mtu. Mkasi haukugusa karatasi hata mara moja. Kazi yote ilifanywa kwa mikono, gundi kidogo ya mchele wa kunata, na mfupa wa ubavu wa nyati ambao Mama Suyin aliurithi kwa mama yake, uliolika mahali pa dole gumba mpaka ukawa na bonde.

Mumewe, Baba Suyin, alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa sababu hiyo kijiji kilimkabidhi sanduku lake la hati. Lilikaa darini kwake, juu ya meko, ambako moshi huwafukuza wadudu, nalo lilikuwa na hati kumi na mbili za misitu na maji ya Gaoyan. Baba yake alilitunza kabla yake. Mwenye kupoteza hati au kuiuza, nyumba yake ilibomolewa, akahamia ng'ambo ya kijito kwa miaka mitatu, na muda huo wote hakuna aliyemsalimu, wala kumpa moto, wala kumbebea maiti wake.

Ndipo ukafika mwaka ambao serikali iliamua kuipima misitu na kuigawa upya. Kati ya Gaoyan na Dangme kulikuwa na mlima wa misonobari, na vijiji vyote viwili vilidai kuwa ni wao wote, kuanzia mizizi hadi kileleni. Karani wa wilaya akatuma neno kwamba atakuja baada ya siku tisa, kila kijiji kionyeshe karatasi yake, na kisicho na karatasi kisifumbue mdomo.

Asubuhi neno hilo lilipofika, wazee walikusanyika katika mnara wa ngoma, mahali pa baraza la kijiji. Baba Suyin alilileta sanduku begani, akalifungua mbele yao, akazitoa hati moja moja na kuzilaza juu ya ubao. Wanawake walisimama nje, kama ilivyo desturi, wakitazama katikati ya nguzo.

"Hesabu tena," akasema Mzee Shi, mkuu wa mnara.

"Nimehesabu mara tatu, Mzee."

"Basi mara ya nne haitakuua. Hesabu."

Baba Suyin akahesabu. Zilikuwa kumi na moja. Iliyokosekana ni ya mlima.

Mmoja wao, Long Benchu, ambaye hakupata kukaa na neno baya tumboni kwa muda mrefu, alikuwa akichonga kijiti cha meno. "Samahani, Baba Suyin," akasema bila kuinua uso. "Umri huu, mtu unasahau. Hivi binti yako kaolewa wapi vile?"

"Dangme. Na hujasahau. Ulikula nyama ya harusi mpaka ukashindwa kushuka ngazi."

Baadhi ya watu wakacheka. Benchu naye akacheka, kisha akasema, "Nilikula, sikatai. Sikujua tu kwamba nakula mlima wetu."

Hapo kicheko kikakatika. Baba Suyin alisimama na mikono yake mitupu, uso ukimwiva. Alikuwa mtu ambaye hata akituhumiwa kuiba jua angetazama kwanza kama amelikalia. Akatazama ndani ya sanduku, akaligeuza, akaligonga chini. Halikutoa kitu isipokuwa vumbi.

"Siku tisa," akasema Mzee Shi. "Karani akija na karatasi haipo, tunajua sote kitakachofuata. Mimi na baba yako tulichunga nyati pamoja. Usinilazimishe kuuendea mlango wako na shoka."

Nje, Mama Suyin alikuwa ameshika nguzo. Alijua karatasi iko wapi kabla ya hesabu ya pili.

Miezi mitano kabla ya hapo, mvua ililichukua daraja, na mwuza karatasi hakufika. Suyin alikuwa bado akikaa kwa mama yake, kama wake wapya wote wa huko wakaavyo mpaka washike mimba. Sasa alikuwa ameishika, na ilimpasa aende kwa mumewe kabla tumbo halijaonekana njiani. Kitabu chake kilikuwa tayari isipokuwa kile kisanduku kipana cha chini. Karatasi mpya ya maganda ya mforosadi ilikuwapo kipande, lakini karatasi mpya huvunjika mkunjoni. Karatasi ya zamani, iliyokaa moshini miaka mingi, hukunjika kama nguo. Mama Suyin alitaka kitabu cha mwanawe wa pekee kiwe bora kuliko vyote alivyopata kukunja. Akapanda darini.

Hakujua kusoma. Lakini kama watu wote wa sehemu zile alijua jambo moja kuhusu hati: yenye muhuri mwekundu wa serikali ina nguvu, na isiyo na muhuri ni nyeupe, haina kitu. Akazigeuza moja moja mwangani. Kumi na moja zilikuwa na wekundu. Moja haikuwa nao, ila maandishi meusi na alama za vidole gumba vya wino zilizopangwa ukingoni. Hiyo ndiyo aliyoichukua. Hakumwambia mumewe. Kutojua kusoma si kosa la mtu. Kuchukua kimyakimya kilichowekwa amana ni kosa, hata kwa mwenye nia njema, na Mama Suyin mwenyewe hakupata kuliita kwa jina jingine.

Kwa siku mbili alikaa nalo. Alipika, akalisha nguruwe, akamtazama mumewe akibandua mbao za dari moja moja kutafuta karatasi ambayo yeye aliikunja kwa mikono yake. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili akauliza kama aongeze chumvi. Akisema, mtunzaji ni mumewe, na adhabu ni ya nyumba nzima. Asiposema, ni vivyo hivyo. Na karatasi ilikuwa katika kitabu ambacho hawezi kukifungua, kilichomo katika nyumba ambamo hakiwezi kutoka, katika kijiji kilichoudai mlima.

Siku ya tatu akafunga mayai ishirini na samaki wa kuchachushwa, akavuka bonde.

Mama Wenqi, mama wa mume wa Suyin, alikuwa ukumbini akimenya karanga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo.

"Hee! Mkwe! Karibu, karibu. Umekuja kumwona mwanao au umekuja kuupima mlima?"

"Nimeleta mayai, mkwe. Mlima umenishinda kubeba."

Mama Wenqi akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Afadhali. Mume wangu angeupokea na kapu lake. Kaa, unywe chai ya mafuta. Mbona umekonda? Au ndiyo hayo mambo ya sanduku? Tumesikia. Hapa hata kuku wakitaga kwenu tunasikia."

"Mmesikia nini?"

"Kwamba mkwe mwanamume katuuzia karatasi." Akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. "Nami nawaambia watu, kama tumeinunua, nionyesheni basi nilikoiweka. Naapa hatujaiona, mkwe. Mwambie mumeo najua hakuiuza."

Maneno hayo mema yalimchoma Mama Suyin kuliko matusi ya Benchu. Akanywa chai yake yote, bakuli tatu kama adabu itakavyo, kisha akaomba kumwona mwanawe.

Suyin alikuwa chumba cha ndani, ameegemea ukuta, tumbo likiwa limefika mahali pa kumzuia kuinama. Mama yake alifunga mlango, akamweleza yote kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Alipomaliza, Suyin alivuta kitabu chake kutoka chini ya mto.

Mama Suyin akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifungamanisha vidole.

Suyin akafungua jalada. Akayainua matabaka, la kwanza, la pili, la tatu, akakibonyeza kisanduku kipana, akatoa kiolezo cha mbeleko ya mtoto na kitu kingine kidogo ambacho alikificha haraka kiganjani. Kisha akainua ukingo wa chini uliogandishwa kidogo tu, akainamisha kichwa kutazama upande wa ndani. Alikuwa amesoma shule miaka mitatu.

"Hapa pameandikwa Gaoyan," akasema. "Hapa Dangme. Hii nadhani ni chemchemi. Halafu vidole." Akakishusha. "Ndiyo yenyewe, mama."

"Ichomoe."

"Niichomoe niiweke wapi? Mkononi mwako? Hiyo ni sehemu ya kitabu. Ikivuka kizingiti, nimeachika, na mtoto huyu hana kwao." Akakifunga kitabu taratibu. "Nikiifungua hapa mbele ya watu, nimemnyang'anya baba mkwe mlima chini ya paa lake mwenyewe, na mimi ninakula wali wake. Nisipoifungua, nimembomolea baba yangu nyumba."

"Suyin..."

"Ulinikunjia kitabu, mama, ukanikunja na mimi humohumo." Akacheka, lakini si kwa furaha. "Tena umenikunja vizuri. Nimejitafuta pembe zote, sioni pa kubonyeza."

Mama Suyin akajitwika kapu lake mgongoni. Alirudi kwa njia ya mlimani, katikati ya misonobari, akapita penye visiki viwili vya miti ambayo mumewe aliipanda siku Suyin alipozaliwa na kuikata siku alipoolewa. Miti mingine ilisimama karibukaribu pande zote, mirefu, iliyonyooka, na jua halikufika chini.

Mumewe alikuwa mekoni. Akamwambia, akiwa bado amesimama na kapu mgongoni.

Baba Suyin akachochea moto kwa muda. "Ulichukua ipi?"

"Isiyo na muhuri."

"Isiyo na muhuri," akarudia. "Hiyo ndiyo iliyokuwa na vidole vya babu zetu wote." Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha. "Nitasema imeliwa na panya."

"Panya gani anakula moja anaacha kumi na moja?"

"Basi nitasema nimeipoteza."

"Benchu atasema umeiuza."

"Aseme. Tutahama. Miaka mitatu si mingi."

"Kwa kijana si mingi. Wewe hata kuni siku hizi unanituma mimi." Akatua kapu. "Unataka kubeba kosa langu mgongoni kama gunia, halafu nikutazame ukilibeba mpaka ufe? Hapana, Baba Suyin. Hilo sitaki. Utakuwa umenifungia ndani, na ufunguo umeumeza wewe."

Asubuhi alikwenda mnarani, akasimama ngazi ya nje, na kabla hajaulizwa akawaambia wazee kila jambo, kwa sauti iliyofika mpaka kisimani.

Mzee Shi akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Tangu nizaliwe sijasikia jambo la kipumbavu kama hili," akasema. "Karatasi yetu iko nyumbani kwa tunaogombana nao, ndani ya kitabu tusichoweza kukifungua, na hakiwezi kutoka nje. Mama Suyin, hata ungekusudia usingeweza."

"Na kama ni hadithi ya kumwokoa mumewe?" akauliza Benchu.

"Kama ni hadithi, Benchu, wewe ungeitunga nzuri zaidi. Nyamaza." Akamgeukia Mama Suyin. "Karani ataambiwa aende Dangme, nasi tutakwenda naye. Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia. Anayeweza kukifungua ni mmoja tu, na sisi si watu wa kumlazimisha mke wa watu nyumbani kwa mumewe."

Siku ya tisa, ukumbi wa juu katika nyumba ya mkwe huko Dangme ulijaa mpaka mbao zikalia. Wazee wa Gaoyan walikaa upande wa mashariki, wa Dangme upande wa magharibi, na katikati, mbele ya meza ndogo, alikaa Karani Tian, mtu mfupi mwenye miwani, aliyekwisha kunywa bakuli nne za chai ya mafuta na kuanza kuona haya kukataa ya tano.

Baba Wenqi, mwenye nyumba, akasimama. Alikuwa mtu mnyofu, na watu wa vijiji vyote viwili walilikubali hilo hata walipomchukia.

"Bwana Karani, tumesikia kisa. Sijui kama ni kweli. Lakini kitabu ni cha mke wa mwanangu, si changu wala si cha Gaoyan. Akitaka kukifungua, mimi sitamzuia wala sitamkemea kesho. Asipotaka, hapa hakuna wa kumlazimisha, hata serikali isamehe." Akamtazama Suyin kwa upole. "Ni wewe tu, mwanangu."

Upole huo ndio uliofunga mlango wa mwisho. Angalimtisha, Suyin angaliweza kumkaidi. Angalimwamuru, angaliweza kumtii. Sasa jambo lote liliachwa mikononi mwake, mbele ya baba yake, mbele ya mumewe Wenqi aliyekuwa akitazama sakafu, mbele ya wanaume arobaini.

Suyin akakileta kitabu, akakiweka mezani, akaweka mikono yake miwili juu yake. Hapo akakwama.

Karani akakohoa. Mtu akasogeza kiti. Baba Suyin alikuwa amefumba macho.

Mama Suyin alikuwa mlangoni pamoja na wanawake. Hakuwa akiutazama uso wa mwanawe. Alikuwa akivitazama vidole, kwa kuwa vidole alivijua zaidi. Aliona kidole cha shahada kinaelekea pembe ya jalada, kinasita, kinarudi, kinaelekea tena. Akaelewa kwamba mwanawe atafanya moja kati ya mambo mawili, na kwamba lolote kati ya hayo litamkaa maishani. Atazeeka katika nyumba hii akiwa ndiye aliyeutoa mlima, au atazeeka akiwa ndiye aliyembomolea baba yake. Na hakuna hata moja kati ya hayo alilolitenda. Aliletewa tu kitabu.

Akapenya katikati ya wanaume, akafika mezani.

"Toa mikono, mwanangu."

"Mama, usi..."

"Nimesema toa."

Suyin hakutoa. Mama yake akaiinua, mmoja kisha mwingine, akamwekea juu ya tumbo. Kisha akafungua kitabu.

Sauti ilipita ukumbini kama watu wote wamemwagiwa maji. Mama Wenqi akapiga kelele mlangoni: "Mkwe! Mkono wako! Mkono wako, mkwe!"

"Nauona, mkwe," akasema Mama Suyin.

Kwa kuwa limekwisha kutendeka, hakuona sababu ya kulitenda vibaya. Akavilaza visanduku vidogo upande mmoja bila kukibonyeza hata kimoja, ili yaliyomo yabaki kuwa siri ya mwenyewe. Kile kipana alimpa Suyin amwage yaliyomo chini ya aproni yake, bila yeye kutazama. Akachovya kidole katika chai ya Karani, akalowesha gundi ukingoni, akasubiri ilainike. Akatoa mfupa mfukoni, akaupitisha chini ya mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuharakisha. Hakuna aliyemzuia. Wanaume wa Dangme, ambao wangaliweza kumshika mkono, walikuwa wakitazama jinsi kisanduku kinavyofunguka kidogo kidogo na kuwa karatasi, kwa kuwa hawakupata kuona jambo hilo, wala hawataliona tena.

Ilipolala bapa mezani, ilikuwa nzima, na mikunjo imeichora vyumba vidogo vidogo kutoka ukingo hadi ukingo. Maandishi hayakuwa yamefutika. Vidole gumba sita vilikuwa vimepangwa chini yake.

Karani Tian akavua miwani, akaifuta, akasoma kwa sauti. Hati ilisema kwamba wazee wa Gaoyan na wa Dangme, baada ya ugomvi wa miaka mingi, wamekaa pamoja na kukubaliana: mlima kuanzia chemchemi kwenda juu ni wa Gaoyan, na kuanzia chemchemi kwenda chini ni wa Dangme, na kwamba hawataipeleka kwa mtawala kutiwa muhuri, kwa kuwa neno lao linatosha.

Karani akainua uso, akatazama mashariki, akatazama magharibi.

"Kwa hiyo," akasema, "nyote mlinidanganya."

Long Benchu alipatwa na kikohozi. Baba Wenqi aliinama mezani, akaweka dole gumba lake karibu na mojawapo ya vile vya wino, bila kuligusa, akalilinganisha, kisha akanyooka. Mzee Shi akasema tu, "Chemchemi, basi," na Baba Wenqi akasema, "Chemchemi," na ugomvi wa mlima ukawa umekwisha.

"Baba Suyin," akasema Mzee Shi, "hati zako ni kumi na mbili, kwa kuwa iliyokunjuliwa si sehemu ya kitabu tena. Nyumba yako inabaki ilipo." Akamgeukia Benchu na kumtazama mpaka Benchu akanung'unika kitu kilichofanana na kuomba radhi.

Watu wakaanza kuinuka. Baba Wenqi alibaki pale mezani.

"La mlima limekwisha," akasema. "Limebaki la kitabu."

"Baba Wenqi!" mkewe akamlilia. "Si mama yake mzazi? Kamkunjia mwenyewe!"

"Sheria haisemi isipokuwa mama."

Karani alitabasamu, akasema kwamba kwa maoni yake mama huyo alistahili shukrani, na kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kusamehewa. Mzee Shi, ambaye hakuwa wa Dangme na hakuwa na faida yoyote katika jambo hilo, akamjibu kabla ya mwingine.

"Bwana Karani, ukisamehe leo kwa sababu nzuri, kesho kila mtu atakuwa na sababu nzuri. Binti zetu wataficha wapi?"

"Sijaomba kusamehewa," akasema Mama Suyin.

Siku kumi na mbili baadaye, Baba Suyin alimchinja nguruwe aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya karamu ya mtoto, akanunua sehemu iliyopungua kwa kitani chote cha mwaka ule, wakaipeleka nyama, mchele na pombe Dangme kwa safari nne. Nyama ilikatwa vipande, ikatungwa katika majani ya mchikichi wa mlimani, tungo moja kwa kila nyumba, ili kila anayepita alione limetundikwa mlangoni na kujua kwamba sheria ipo. Mama Suyin alipika wali. Hakula, kwa kuwa mlipaji hali adhabu yake.

Baba Suyin alipita karibu naye na mtungi. "Pombe imetosha?" akauliza.

"Imetosha."

Ndilo neno pekee waliloambiana mchana huo, lakini alikuwa amemletea kigoda.

Alasiri Suyin akaletwa ukumbini, kwa kuwa mfupa hukabidhiwa kwa mwenye kitabu. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, na mgongoni mwa kitabu, palipokuwa na kisanduku kipana, palikuwa wazi. Nguo ya jalada ilionekana. Mama yake akatoa mfupa katika kitambaa, akaushika mara ya mwisho mahali pa dole gumba, akauweka kiganjani mwa mwanawe.

"Nani atanikunjia cha chini?" Suyin akauliza. "Na huyu akizaliwa msichana, nani atamkunjia?"

"Utakunja wewe."

"Sijui. Sikujifunza. Siku zote ulikuwa unakunja wewe."

"Anza na karatasi mbovu."

Suyin akachukua kipande cha karatasi kilichofungiwa chumvi, akakikunja mara moja, akaupitisha mfupa vibaya. Pembe hazikukutana. Mkono wa Mama Suyin ukainuka wenyewe kuelekea pembe ile, ukafika nusu ya njia. Watu wa Dangme walikuwa wakitazama. Akaurudisha, akauweka chini ya aproni, na wa pili nao akauweka huko.

Suyin akakunjua, akaanza upya.

Mzee mmoja wa Dangme akapita na tungo la mwisho la nyama, akalitundika mlangoni kwa Mama Wenqi, akapangusa mikono yake ya mafuta kwa jani, akageukia ukumbini.

"Imelipwa," akasema.